Herufi za Baba Hope

Watu wa mtaa wa Daraja Mbili wakimtaja Aminiel siku hizi wanasema ni yule mzee aliyefeli kompyuta. Wanasema huku wanacheka. Sasa mimi Aika nasema hivi: Aminiel hakufeli, alifelishwa, na mmoja wa waliomfelisha ni mimi. Basi acheni nisimulie mwenyewe, kabla wajinga hawajaongeza chumvi.

Huyu baba alikuwa fundi wa kuandika mabango kwa mkono. Alizaliwa Kikatiti, akajifunza kushika brashi kwa fundi mmoja aliyekuwa anaandika majina kwenye milango ya malori, na kwa miaka thelathini na ushee aliiandika Arusha nzima. Mabucha, saluni, shule, makanisa, vyote alivipitia. Hakuwa anapiga mistari kwa rula. Anasimama mbele ya ukuta, anafumba jicho moja, anaanza herufi ya kwanza, na ya mwisho inaishia pale pale ilipotakiwa. Herufi zake zilikuwa na matumbo mapana na miguu mifupi, zimetulia kama akina mama kwenye benchi la kanisa. Hata asiyejua kusoma alijua kwamba ukuta huu umeandikwa na Baba Hope. Hope ni binti yake, mtoto wake wa pekee.

Halafu zikaja simu. Mteja anamwambia, "Baba Hope, nitumie kwanza nione itakavyokaa." Atume nini? Kazi yake yote ilikuwa kichwani na mkononi. Wateja wakaanza kuhamia kwa machalii, vijana wadogo wenye kompyuta, mmoja mmoja, bila hata kumuaga. Akabakiwa na mabucha machache ya barabara ya Moshi na shule mbili. Ndipo, akiwa na miaka hamsini na tatu, akajiandikisha kwenye chuo chetu cha ufundi, kozi ya multimedia: picha, maandishi na video, vyote vya kwenye kompyuta. Chuo sikitaji jina, kisije kikaniletea maneno.

Siku ya kwanza tulijitambulisha na kila mtu akasema anachotaka. Sisi tukatoa uongo wetu wa Dubai na kampuni kubwa. Yeye akasimama, akaielekeza kompyuta kwa kidole. "Nataka herufi zangu ziingie humo ndani, ili nisikose kazi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza.

Mwalimu wetu, Arnold, alikuwa na miaka ishirini na saba na kiburi cha watu watatu. Akiingia darasani alitaka wote tusimame tumwamkie. Kwa hiyo kila asubuhi Aminiel, mvi kichwani, alisimama akasema, "Shikamoo, mwalimu." Na Arnold, bila aibu, anamtazama usoni anajibu, "Marahaba, mwanangu." Jamani! Angekuwa baba yangu ningepasuka. Lakini hakuwa baba yangu, kwa hiyo niliona ni kichekesho cha bure.

Machalii wa nyuma walikuwa wanabandika kikaratasi chini ya mausi yake. Mshale hausogei, mzee anaigonga taratibu, anaipuliza, mwisho ananyoosha mkono: "Samahani mwalimu, nimeharibu tena." Siku moja wakamrekodi. Video ile niliihariri mimi, nikaiwekea muziki, kila anapogonga mausi ngoma nayo inapiga. Ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikamfikia Hope kazini kwake. Aminiel aliniambia mwenyewe, wala hakuwa amekasirika. "Hope amelia," akasema, "lakini mimi nimeona aliyeitengeneza anajua kazi." Hakuwa anajua ni nani. Mimi nikasema asante moyoni tu.

Mwezi wa mwisho tukatakiwa kila mmoja alete kazi yake ya mtihani. Mimi nilikuwa sina kitu. Mwaka mzima nilikuwa nikizurura, sasa siku zimeisha na mama yangu ameshautangazia ukoo mzima wa Marangu kwamba binti anahitimu. Ndipo likanijia wazo, na bado nalionea uchungu kwa sababu lilikuwa zuri. Nitengeneze fonti, herufi za kompyuta ambazo mtu akibonyeza tu zinajiandika. Nichukue herufi za Aminiel.

Nikamfuata kwake Olasiti siku ya Ijumaa. Nikamwambia, "Baba Hope, ulisema unataka herufi zako ziingie kwenye kompyuta. Mimi nitaziingiza. Niandikie zote kwenye karatasi za manila, kubwa na ndogo, na tarakimu. Tutaweka majina mawili, lako na langu. Ila Jumatatu asubuhi niwe nazo."

Yule mzee alinishika mikono yote miwili. Macho yalimjaa machozi, nasema kweli, sitii chumvi. Mama Hope akaniletea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando yaliyokolea, akasema Mungu amewaletea mtoto wa pili. Nikala nikamaliza. Jumatatu asubuhi nikakuta manila kumi na nne zimefungwa kwa kamba, rangi bado inanukia.

Nikaziskani, nikazifuata kwenye kompyuta mstari kwa mstari wiki tatu. Katika hilo sikudanganya, nilifanya kazi. Nilipompelekea Arnold akatoa macho. Akauliza, "Haya majina mawili ya nini? Mtihani ni wa mtu mmoja." Nikafuta la Aminiel. Ningeweza hata kuandika kwa chini kwamba namshukuru. Sikuandika. Wala sikwenda kumwambia.

Siku ya mtihani alikuja msahihishaji kutoka nje, mama mmoja mkali mwenye miwani. Tuliitwa kwa majina, mimi nikatangulia, Aminiel akanifuata. Aliingia nikiwa bado nakunja nyaya zangu, maandishi ya fonti yangu yangali ukutani kwenye mwanga wa projekta. Alipoyaona alitabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu stendi. Kisha akachomeka flashi yake. Alikuwa ametengeneza bango la shule moja ya kwao Kikatiti. Alizipiga picha herufi zake mwenyewe, akazikata na kuzipanga kwa ile mausi iliyomtesa, moja baada ya nyingine. Miezi sita ya jasho. Na lilikuwa bango zuri kuliko kazi yangu, hilo nalisema leo ambapo halimsaidii tena.

Msahihishaji akatazama bango, akatazama karatasi zangu za mtihani. "Mzee, hizi herufi si za huyu binti?"

"Hapana, mama. Hizi ni zangu. Nimeziandika miaka thelathini."

"Faili la herufi zenyewe liko wapi? Lina tarehe gani?"

Aminiel hakuwa na faili la herufi, na bango lenyewe alikuwa amelihifadhi upya jana yake. Alikuwa na kuta, na kuta hazina tarehe. Arnold, ambaye aliyaona yale majina mawili na kila siku alikuwa anapita mbele ya bucha lililoandikwa na mkono ule ule, akainama kufunga kamba za viatu. Msahihishaji akanigeukia mimi. "Binti, huyu mzee aliwahi kuona kazi yako?"

Nyumbani kwetu, chini ya kitanda changu, zilikuwepo manila kumi na nne. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikasema, "Darasani tunakaa karibu."

Ni kweli tulikuwa tunakaa karibu. Ndiyo maana sentensi ile inanichoma kuliko uongo wote niliowahi kusema.

Aminiel aliningoja. Alinitazama, akaningoja niendelee, maana alidhani sijamaliza. Nilipofungua begi nikaanza kutafuta simu ambayo nilikuwa nimeishika mkononi, akaelewa. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemchukia, ingenisaidia. Alichomoa flashi yake, akaifuta kwa shati, akatoka. Kwenye matokeo wakaandika kwamba amenakili kazi ya mwenzake. Mimi nikawa wa kwanza chuo kizima, na mama akachinja mbuzi.

Jioni ya sherehe nilizichoma zile manila nyuma ya jiko. Ndiyo, mimi huyu huyu.

Ndesanjo, mwenye duka la kuchapa mabango mjini, akaniajiri kwa ajili ya ile fonti. Akaigawa kwa wachapaji wenzake, na ndani ya mwaka mmoja herufi zile zikajaa kila mahali, zimekatwa kwa mashine kwenye stika. Yale mabucha ya barabara ya Moshi yakapakwa rangi nyeupe juu, yakabandikwa stika. Shule zile mbili nazo zikafuata. Mteja ampigie Baba Hope wa nini, wakati anapata herufi zile zile kwa nusu saa?

Mzee akaishiwa. Mwisho akaja kwa Ndesanjo kuomba kazi yoyote, akapewa ya kubandika stika milangoni, kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Asubuhi moja alinijia mezani na stika ya herufi R kwenye kiganja. "Aika, mwanangu. Mguu wa hii nilikosea, umekuwa mfupi kuliko ya wenzake. Nilikuwa na haraka ya Jumatatu. Kila ninakopita mjini naiona, inanitia aibu. Naomba unirekebishie."

Ndesanjo alikuwa amesimama pale pale na kikombe chake cha chai. "Ulikosea wewe?" akauliza. "Mzee, kwani hiyo herufi inakuhusu nini?"

Kuirekebisha kungenichukua dakika kumi. Lakini ningefungua lile faili mbele ya bosi, na maswali yangeanza.

"Fonti ikishasambaa haibadiliki, mzee," nikasema.

"Haibadiliki kabisa?"

"Kabisa."

Aliniamini. "Haya, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akachukua ndoo na kitambaa, akaenda kuibandika kwenye mlango wa duka la dawa.