Maharage Yaliyoota Mikia

Mpishi wetu mkuu wanafunzi walimbatiza jina la Mama Mvuke, na jina hilo limemkaa kuliko sare yake ya kazi. Ukifika asubuhi jikoni mwa shule humwoni. Unaona mvuke, kisha unasikia sauti kutoka ndani yake ikikuuliza kwa nini umechelewa. Mimi ni mmenyaji. Viazi, vitunguu, karoti, vyote hupita mikononi mwangu kabla ya kufika kwake, na kwa miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango nikimtazama akifanya kazi. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona alinieleza mwenyewe. Chumvi natia kwenye sufuria, kwenye habari sitii.

Hana dogo, yule mama. Mchuzi huuonja kwa kudondosha tone mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, analiramba, anafumba jicho moja, kisha anasema "bado" au "pakua". Neno la tatu halijui. Na katika vyakula vyote anavyopika, anachokiogopa ni maharage mekundu. Lazima yalowekwe tangu jana yake, maji yale yamwagwe, yawekwe mengine, halafu yatokote kwa moto mkali kabla hajakubali kuupunguza. "Haya yakiwa mabichi ni sumu," hutuambia, kila mara, kama hatujawahi kusikia. Mwaka mmoja gesi ilituishia maharage yakiwa nusu. Mwalimu mkuu akasema watoto wapewe hivyo hivyo, mbona yameshalainika. Mama Mvuke akashika sikio moja la sufuria, mimi nikashika la pili, tukaenda kuyamwaga yote shimoni, mwalimu mkuu akitutazama. Watoto mia tatu walikula mkate mkavu siku hiyo. Habari ilifika mtaani kabla yetu, na tangu hapo ukitaja maharage umemtaja yeye.

Sasa, mama huyu ana mdogo wake wa kike, baba mmoja mama mmoja, fundi wa cherehani. Nyumba zao zinagawana ukuta na ua. Fundi ana watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Watoto wa Mama Mvuke ni wakubwa na wana kwao, isipokuwa binti mmoja wa miaka sita ambaye sote tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wake. Mama yake hutoka nyumbani alfajiri. Kwa hiyo Kitinda hunywa chai kwa mama yake mdogo, huja shule na watoto wa pale, na hurudi nao mchana kumsubiri mama amalize kuosha masufuria.

Mambo yalikuwa shwari mpaka mteja mmoja wa Fundi, mwanamke aliyekuja kupimwa gauni, alipomweleza kwamba wanawe hawali kitu kilichopita motoni. Fundi akilishika jambo hulishika zima zima. Gauni halijatiwa vifungo, jiko lake lilikuwa limeshafunikwa kitambaa, na dirishani zimepangwa chupa za choroko zinazoota, kila moja imefungwa mdomo kwa kipande cha chandarua. Asubuhi ni matunda na karanga zilizolowekwa. Mchana karoti za kukwaruza, matango, parachichi, na hizo choroko zenye mikia. Yule mvulana wake, ambaye zamani alikimbizwa ua mzima kwa bakuli la uji, sasa alikuwa anasimama mwenyewe dirishani kuzikagua chupa na kutangaza zipi ziko tayari.

"Mtu ana jiko, ana sufuria, analisha watoto kama mbuzi," Mama Mvuke aliniambia. Nilicheka. Yeye hakucheka, nikajua jambo limemgusa.

Lilimgusa zaidi Jumanne moja, pale kwenye dirisha letu la kupakulia. Watoto hupanga foleni na sahani zao, na Kitinda hupenda kuwa wa mbele ili aonwe na mama yake. Siku hiyo alifika mbele hana sahani. Alikuwa na kopo lenye kifuniko.

"Sahani iko wapi?" mama yake akamwuliza, upawa wa wali ukiwa hewani.

"Mimi nina changu. Mama mdogo amenifungia."

"Na wali wangu je?"

"Mama mdogo anasema chakula kikipikwa kinakufa."

Hakuwa na ubaya wowote. Alisema vile vile ambavyo angesema leo ni Jumanne. Lakini foleni nzima iliangua kicheko, na mmoja kule nyuma akauliza wali huwa unazikwa wapi. Mama Mvuke alimpakulia mtoto aliyefuata, akampakulia tena bila kujua kwamba ameshampa, na mtoto akaondoka mbio kabla hajanyang'anywa.

Ule ulikuwa wivu. Sitautafutia jina la adabu, maana mwenyewe hakuutafutia. "Nina wivu, mwenzangu," aliniambia jioni ile tukisugua masufuria. "Watoto mia tatu wanaramba sahani zangu. Niliyemzaa mimi ananikataa mbele yao, na anayemng'ang'ania ni mdogo wangu, ambaye hata chai alifundishwa na mimi. Roho inaniuma mpaka usingizi sipati." Alisugua sufuria ile ile mara mbili.

Alijaribu kushindana. Alichukua karoti kwenye beseni langu, akazichonga maua, yenye petali kabisa, akaenda nazo nyumbani. Kitinda alikula ua moja kwa heshima, kisha akasema, "Mama mdogo hukata nyembamba zaidi." Kesho yake maua yote yalikuwa yanaelea kwenye supu ya shule, na watoto wakayagombania. Mama Mvuke aliwatazama kwa macho makavu, kama vile wanamdhihaki.

Kilichomchoma kuliko vyote ni kwamba watoto wa Fundi walikuwa wazima. Alisubiri wakonde, hawakukonda. Alisubiri hata mafua. Akifika nyumbani alikuwa anasikia vicheko vya watoto watatu upande wa pili wa ukuta, vijiko vikigonga mabakuli, na sauti ya mwanawe ikiwa juu ya zote. Alikuwa anakaa kitandani na sare yake bado mwilini, anasikiliza. Mimi nilikuwa upande wake, sifichi. Nilimwambia amkataze mtoto. Akasema, "Nikimkataza atanichukia," na hapo alikuwa na akili kunishinda.

Ijumaa moja alipita kumchukua Kitinda kama kawaida. Watoto walikuwa mkekani, Kitinda ameegemea mapaja ya mama yake mdogo, anasuka nywele za sufi za mwanasesere wake. Mezani palikuwa na bakuli kubwa, na ndani ya bakuli maharage mekundu, yamevimba, yametoa vimikia vyeupe.

"Dada, hebu tazama," Fundi akasema. Hakuwa na majivuno yoyote, na hilo Mama Mvuke alilikiri mwenyewe. "Choroko wamezichoka, nikaona niwabadilishie. Yameota vizuri, eti? Kesho mchana nawachanganyia na karoti."

Mama Mvuke aliyatazama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo Kitinda, bila kugeuza shingo, akasema, "Mama, wewe tangulia. Mimi nakaa kidogo."

Akalimeza neno lile. "Mambo yenu ya mbichi mimi siyajui," akasema, akatoka.

"Nilisema moyoni, acha waumwe tumbo siku moja," alinieleza baadaye. "Siku moja tu. Watapona, na kila mtu atarudi kwenye sufuria." Nikamwuliza, na wako? Akasema wake angemzuia Jumamosi asitoke. Yaani alikuwa ameshapiga hesabu ni watoto wa nani watakaoumwa. Aliyasema hayo akitazama sakafu, nami nilishika kiazi mkononi nisijue nakimenya au nakiweka chini.

Jumamosi Mama Mvuke na Kitinda hawakufanya kazi nyingine ila nywele. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, Kitinda katikati ya magoti yake, kichwa kimepakwa mafuta. Mtoto alikuwa amekula kiazi cha kuchemsha bila neno. Jua lilikuwa zuri, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi alikuwa na mwanawe peke yake. Anasema alifurahi. Anasema hilo ndilo linalomtia aibu kuliko mengine, kwamba saa ile alikuwa anaimba.

"Mama," Kitinda akasema, "maharage ya mama mdogo ni mabaya?"

Kitana kikasimama. "Nani amesema?"

"Hakuna. Jana ulipoondoka aliingiwa na wasiwasi. Akaniuliza, mama yako huwa anasemaje kuhusu maharage mabichi? Nikasema sijui. Akayatazama weee. Halafu akasema, basi ni mazuri, dada yangu hawezi kuona maharage mabaya akanyamaza. Akasema ulimwaga sufuria nzima kwa ajili ya watoto wa watu, itakuwa wa kwake?"

Kitana kilibaki kichwani mwa mtoto. Mama Mvuke alivuka ua peku, mikono ina mafuta, akausukuma mlango wa mdogo wake kwa bega. Walikuwa wameshakaa mezani. Msichana alikuwa ameyatenga maharage pembeni ya bakuli na kula karoti peke yake. Fundi alikuwa na kijiko karibu na mdomo. Mvulana alikuwa amemaliza, ananyoosha bakuli aongezwe.

"Usile!" Akampiga Fundi mkono, kijiko kikaruka. "Ni sumu, mabichi ni sumu! Mtoto amekula mangapi?"

"Yote," Fundi akasema. "Amekula yote." Kisha, taratibu, "Lakini jana uliyaona, dada."

"Niliyaona."

"Na ulijua?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa ameshasema hayajui mambo ya mbichi, angebaki na hilo. "Nilijua," akasema.

 Fundi alimbeba mtoto, akaenda zahanati, na dada yake nyuma yake bado peku. Mvulana alikuwa anauliza kwa nini wanakimbia, yeye haumwi. Alianza kutapika wakiwa kwenye benchi la kusubiria, na alipoanza akatapika hasa, mpaka akawa hana cha kutapika na bado anatapika. Muuguzi alimtundikia maji. Mama Mvuke alishika beseni. Fundi alimwachia alishike, naye akashika kichwa cha mtoto, na kwa saa zote zile walisimama pande mbili za kitanda kimoja bila kutazamana. Jua lilipokuwa linashuka mtoto alitulia, akaomba maji, akaomba na mwanasesere wa Kitinda. Muuguzi akasema atapona. Kesho yake alikuwa uani anarusha mawe.

Fundi hakumgombeza dada yake, wala hakumsema mtaani. Nilitamani amgombeze, yaishe. Alilifunua jiko lake, akaanza kupika tena, ila choroko bado ziko dirishani, na watoto bado wanazipenda. Kitinda bado anakunywa chai pale, na siku hizi anashika sahani kwenye foleni yetu kama wenzake. Wali anakula wote. Mama yake amepata alichokitaka, ila humpakulia bila kumtazama usoni.

Juzi Fundi alikuja hapa jikoni. Alisimama mlangoni, karibu na kigoda changu, ana kifuko cha dengu mkononi.

"Dada, samahani," akasema.

Mama Mvuke akageuka kutoka kwenye sufuria, upawa mkononi, uso umemchangamka. Lakini Fundi alikuwa ananitazama mimi.

"Dengu hizi zikishaota, zinaliwa mbichi au nizichemshe?"

Mimi najua kumenya, sijui dengu. Nilisema ngoja kidogo, nikaingia ndani kama natafuta kisu. Mama Mvuke alikuwa amerudi kwenye sufuria yake. Nilipompita alisema chini chini, bila kuinua macho, "Achemshe. Mwambie zitokote dakika kumi kwanza, asizifanyie haraka."

Nikarudi mlangoni, nikasema achemshe, zitokote dakika kumi kwanza.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Asante, dada," akaniambia, akaenda zake.

Nikakaa, nikachukua kiazi. Ndani ya mvuke sikuona mtu. Baada ya muda sauti ikaniuliza, "Amekuitaje?"

"Dada," nikasema.

 Alidondosha tone la mchuzi mgongoni mwa mkono, akaliramba, na tukamsubiri aseme bado au pakua. Watoto walikuwa wameshapanga foleni.