Kaka yangu alitoka msikitini Matrah akaishia vitani Dhofar

Wakuu, asalaam aleikum. Mimi ni bibi wa hapa Al Hail, Oman, mjukuu ndiye kanifungulia ID. Haya ni ya nyumbani kwetu, sikuyasoma popote.

Tulihama Unguja 1964, baada ya mapinduzi. Baba, mshoni wa kanzu, akapanga chumba Matrah, jirani na Maskati. Kaka yangu Nasir alikuwa na miaka kumi na saba, mimi tisa.

Kiarabu chetu kibovu, watu wakitucheka. Nasir alipata heshima kwa sheikh mmoja tu, mtu wa Oman ya ndani.

Sheikh akifundisha kuwa kiongozi ni imamu, huchaguliwa kwa shura, yaani kwa mashauriano, harithi kiti. Kuyasema hayo Maskati, kwenye sultani wa kurithi, wakati ule ilikuwa hatari, tena serious. Watu wa ndani walishaupigania uimamu wakashindwa.

Nasir akawaka. Akaanza kusikiliza redio ya Cairo, sauti chini kabisa. Huko wito ni ukombozi wa Waarabu wote. Kwake yeye dini na siasa vikawa kitu kimoja.

1967 Waarabu waliposhindwa vita na Israeli, alilia. Baada ya siku chache akasema anakwenda Dhofar, kusini, kwa wapiganaji waliompinga sultani.

Baba akaweka mkasi chini.

"Mwanangu, mapinduzi nnayajua. Yametutoa kwetu."

"Yale yalikuwa juu yetu, baba. Haya yetu."

"Na wale wa Unguja walisema hivyo hivyo."

Akaondoka. Miaka mitatu kimya. Mama hakutaka hata tumtaje.

Nasir alitusimulia baadaye. Mwanzo walisali pamoja. Kisha wakaja viongozi wapya na vitabu vya nchi za mbali, wakasema dini ni mambo ya kale.

Mpiganaji mmoja mtu mzima, mwenyeji wa milima ile, akakataa kuacha sala. Wakamfunga kamba. Nasir akaamrishwa kumlinda.

Akamfungua. Wakakimbia wote wawili.

Mzee alifika kwao. Nasir akakamatwa na askari wa serikali, akafungwa kama muasi. Pande zote mbili zikamwita msaliti!

1970 alipokuja mtawala mpya, wafungwa wengi wakaachiwa. Nasir akaingia msikitini adhuhuri, mifupa mitupu. Baba alisogea kidogo kwenye safu, akampa nafasi.

Nilichojifunza: kiu ya haki inaweza kuanzia kwenye dini, lakini wenye bunduki wakiishika, huipeleka wanakotaka wao. Simlaumu sheikh. Kiu ile ilikuwa ya kweli.

Nyie mliokuwa na ndugu kule Dhofar, upande wowote, walirudi wakasema nini? Andikeni, nnasoma zote.