Kigari chenye Kitako cha Kijani

Nilitoka nyumbani kwa sababu niliitwa mwongo. Nakusanya vigari vya kuchezea vya zamani, vile vizito vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na kabati langu limejaa. Sisi wakusanyaji hatutafuti kigari tu, tunatafuta tofauti. Kiwandani rangi ikiisha au magurudumu yakibadilishwa, vichache hutoka visivyofanana na wenzao, na hivyo ndivyo vinavyotunyima usingizi. Katika mkutano wa chama chetu pale Nyeri nilisema kwamba kile kigari chekundu cha mizigo, ambacho kitako chake huwa cheusi, kiliwahi kutoka na kitako cha kijani. Nilikuwa nacho utotoni. Mwenyekiti akacheka mbele ya watu wote.

"Wewe ni fundi wa kupiga magari rangi," akasema. "Hata ukituletea, tutajua umepaka jana."

Niliumia sana. Kazi yangu ndiyo fahari yangu, na hapo ilikuwa imegeuzwa ushahidi dhidi yangu.

Wiki iliyofuata Muriuki, mteja wangu wa Kerugoya, alikuja kuchukua gari lake, akaona vigari vyangu, akashika kile chekundu cha mizigo. "Hii tuko nayo nyumbani," akasema. "Lakini yetu, chini ni ya green." Nikamwambia nitakinunua siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya Mami. Mimi siwezi kukuuzia kitu ya Mami. Kuja umuulize mwenyewe."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Gatitu kwa pikapu yangu. Niliipaka rangi mwenyewe, na nasema bila aibu kwamba haina doa. Mfukoni nilikuwa na lenzi ya kukuzia.

Karatina nilifika soko likiwa limechangamka. Sikutaka kwenda kwa mama mzee mikono mitupu, kwa hivyo nilinunua sukari, kisha nikasimama kwa muuza shali.

"Unabebea nani?" akaniuliza.

"Mama ya rafiki yangu. Ni mtu mkubwa."

"Basi chukua hii ya zambarau. Hii hata kanisani ataonekana."

Baada ya Kagumo barabara inapita katikati ya mashamba ya chai, na huko nilijizoeza maneno ya heshima kwa sauti, peke yangu, kama mtu anayeenda kuposa.

Kerugoya, saa tatu na nusu. Muriuki alinipokea langoni, mkewe akaweka chai. Niliuliza kama Mami ameamka vizuri. "Ameamka kitambo, anakuja," akasema Muriuki. Akaingia msichana wa miaka tisa hivi, ana matope magotini na kigari mkononi.

Mamake Muriuki alifariki zamani. Msichana huyu ana jina lake, na baba mtu anamwita Mami, kama sisi wote huku tunavyowaita mabinti waliopewa majina ya mama zetu. Mimi mwenyewe nina wangu Gatitu, namwita Mami kila siku ya Mungu! Muriuki alipoona shali, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Msichana alijifunga shali, ikafika chini, akanipa kigari. Nilikigeuza. Kijani. Nikatoa lenzi. Niliangalia ribiti mbili, zile pini za chuma zinazoshika kitako. Mtu akipaka rangi nyumbani, hupaka mpaka juu ya ribiti. Kiwandani kitako hupakwa kwanza, ribiti hufuata. Hizi zilikuwa chuma kitupu, na rangi ilikuwa imeingia chini ya vichwa vyake. Sikuwa mwongo.

"Niuzie," nikamwambia.

"Ukienda nayo utaicheza?"

"Hapana. Nitaiweka kwa kabati."

"Basi iache. Hii iko na kazi."

Nilimwahidi vigari vitatu kwa kimoja, kisha vitano. Alikataa. Babake hakumlazimisha, na nikamheshimu kwa hilo. Nilikasirika, nisifiche. Lakini nilipokuwa nanywa chai ya pili nilielewa kwamba nikikipeleka Nyeri kwa mkono wangu, mwenyekiti atasema yale yale. Nikampigia simu hapo hapo, msichana akisikia. "Uliniita muongo. Ukitaka kuona, kuja Kerugoya," nikamwambia. "Mimi sitaigusa tena."

Alifika saa saba na wanachama wawili. Alikaa kwenye nyasi, lenzi jichoni, muda mrefu. Kisha akamwomba msichana amuuzie. Akakataliwa kama mimi, na nilifurahi zaidi ya inavyompasa mtu mzima.

"Ni wewe ulisema huyu mzee ni muongo?" msichana akamuuliza.

Mwenyekiti aliinuka, akapangusa suruali, akavua kofia. "Fundi," akasema, wote wakisikia, "nilikukosea."

Jioni nilirudi kupitia njia ile ile, bila kigari. Nimekusanya kwa miaka mingi nikidhani kitu ni changu kikiwa kabatini. Kile hakitakuwa changu kamwe, kinabeba mawe na matope kwenye ua wa Kerugoya, na hakuna kingine ninachojivunia kama hicho.