Nimeletewa machela nikiwa mzima

Jamani, leo nimeletewa machela mpaka sebuleni. Na wala sijazidiwa!

Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, nafanya mazoezi ya magoti niliyofundishwa hospitali. Unanyoosha mguu, unaunyanyua polepole, unaushikilia hapo juu, halafu unaushusha. Hapa kwetu Kighare ni milimani, na kupanda siyo shida. Kushuka ndiko kunakomaliza magoti.

Jirani yangu Mama Elia akachungulia dirishani. Akaniona niko chini, macho nimefumba, mguu mmoja uko juu unatetemeka.

"Njooni! Mama Neema kapata kiharusi!"

Kufumba na kufumbua, wanaume wa kitongoji wameingia na machela. Wa mbele akanikuta mguu bado uko hewani. Akaniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mguu sikushusha.

Mama Elia, badala ya kuona aibu, akanigeukia mimi! "Mwenzangu, mtu mzima una wajukuu, unalala chini unarusha miguu? Magoti ni uzee tu. Kubali."

Nikaushusha mguu taratibu, kama nilivyofundishwa. Nikainuka mwenyewe mbele yao wote, bila kushika kiti wala mtu. Wakati wa mavuno nilikuwa siwezi.

"Uzee nimeukubali, Mama Elia. Kubebwa ndiyo sijakubali."

Nyie mngemjibuje?

Mimi niliwaambia warudishe machela yao, nikalala tena chini.

Mguu wa kushoto ulikuwa bado.