Vijiti Kumi na Vinane vya Fundi Alfani

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, mjomba wangu Alfani alikuwa akichomeka penseli nyuma ya sikio. Mkewe, Biasha, humcheka: "Leo umeota unapima kitanda cha nani?" Alikuwa seremala hapa Msambweni, na hata watu wa Kinondo walimfuata kwa milango.

Mwaka wa hamsini na nne shemeji yake Matano, baharia wa meli, alileta kutoka Bombay fundo la mti: vijiti kumi na vinane vilivyoshikana, vingine vimelala, vingine vimekingama, vingine vimesimama, bila msumari wala gundi. Mjomba akalifumua palepale barazani.

"Kufumua hata mbuzi atafumua, shemeji," Matano akasema. "Lirudishe."

"Wallahi, nisipolirudisha kabla ya Ijumaa, randa sishiki tena!"

Watu wakakisikia kiapo.

Siku nne alikaa mkekani na vile vijiti. Nikimpelekea chai, nasimama natazama. Cha tatu hakiingii mpaka cha saba kitolewe, na cha saba hakitoki mpaka cha tatu kiwe ndani. Mimi nilisoma miaka miwili tu, nikadhani ni ujinga wangu.

"Mwanatumu, juu ni wapi hapa?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Akaligeuza, akaniuliza tena.

Alhamisi kijiti kimoja kilikataa kabisa. Akafanya alivyozoea miaka thelathini: mti ukikataa, hupunguzwa. Akakipitishia randa mara moja tu. Kikaingia, na vingine vikafuata!

"Biasha! Njoo uone!"

Biasha akalinyanyua. Vijiti vyote vikamwagika miguuni pake.

"Basi si uchonge kingine?"

"Nichonge cha kiasi gani? Sijui kama kilikuwa kinene, au mimi ndimi niliyekitia mahali si pake."

Ijumaa baada ya sala Matano akaja, hacheki tena. "Shemeji, kiapo kina kafara yake. Lisha maskini kumi, ushike kazi yako."

"Nikiwalisha, nitajua nilipokosea?"

Matano akanitazama mimi, kana kwamba najua.

Mjomba alifagia maranda, akafunga kisanduku cha vyombo, akamkabidhi Biasha ufunguo. Biasha akamuuliza aenda wapi. Akasema, "Hapo tu." Akashika njia ya Lungalunga, mikono mitupu. Tulimwekea wali ukapoa, tukaupasha, ukapoa tena. Hakurudi.