Mkalimani Asiyetia Chumvi
Mama Mizani, binti wa fundi saa, mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa, mjane wa mpaka rangi. Mama wa watano wa kuzaa na wawili wa kulea. Aliyekunja mashuka ya hospitali mpaka viganja vikawa kama ubao, kisha akawa mkalimani wa hospitali hiyo hiyo bila kuuona mlango wa sekondari. Huyo ndiye mwenyewe, na hilo jina la Mizani alipewa wodini, kwa jinsi alivyopima maneno.

Kiingereza alikipata kwenye stoo ya mashuka, kwa muuguzi mgeni aliyekuwa akikunja naye, huyu pembe hii, yule pembe ile. Muuguzi alimpa maneno mawili mawili, kama viatu. Neno, alisema, hulijui mpaka ulione limesimama na ndugu yake. "House" ni kuta na paa. "Home" ni pale unapovua viatu bila kuuliza. "Hear" ni sikio lililoachwa wazi kama mlango. "Listen" ni mwenye nyumba kutoka nje kumpokea mgeni. Mama Mizani aliyashika hivyo, ndugu kwa ndugu, na hakuna siku aliyomvika mmoja nguo ya mwenzake.

Sisi tunasema mguu tangu nyonga hadi kidole. Mwingereza ameugawa, "leg" juu na "foot" chini. Hapo Mama Mizani hakubahatisha. Alipandisha sketi hadi gotini, akampa daktari kalamu. "Chora unapopasema." Kisha akaenda kumwonyesha mgonjwa mguu wake mwenyewe wenye mstari.

"Mama Mizani, leo umechorwa ramani," wauguzi walimtania.

"Bora nichorwe mimi kuliko akatwe yeye pasipotakiwa."

Sasa, mume wa mdogo wake, fundi cherehani, alianguka kutoka kwenye ngazi akitundika kibao cha duka lake. Kisigino cha kulia kilisagika, na huo ndio mguu wa kukanyagia cherehani. Daktari wa mifupa, mgeni mwenye sauti ya taratibu, alitaka kukifungua na kukiunga kwa skrubu. Bila hivyo mfupa ungejiunga upande, na cherehani ingebaki pambo. Lakini fundi, aliyeshona watu maisha yake yote, hakutaka kushonwa.

Mdogo mtu alimwahi dada yake koridoni, chupa ya chai mkononi.

"Dada, nakuomba. Daktari aseme atakachosema, wewe sema ana hakika."

"Hakika ya nini?"

"Kwamba baba watoto atashona tena. Asiposikia hivyo hakubali, si unamjua? Kichwa chake kigumu kuliko hicho kisigino."

"Na daktari asiposema hivyo?"

"Neno moja tu, dada. Ulimi hauna mfupa."

"Wangu unao."

Wakaingia. Daktari alieleza skrubu, ganzi, majuma ya kulala. Mama Mizani alifasiri yote huku akingoja neno la mwisho. Lilipokuja lilikuwa "hope". Akamwomba daktari alirudie: ni "hope", la anayetumaini tu, au ni "expect", la anayetegemea? Daktari alitazama viatu vyake. "Hope," akasema.

Macho ya mdogo wake yalikuwa yamemganda Mama Mizani usoni. Angeweza kusema daktari anategemea, na chumba kizima kisingejua. Watoto wanne walikuwa wanakula kwa mguu ule.

"Shemeji, amesemaje?" fundi aliuliza. "Mwambie asinishone kwa uzi wa bei ya chini."

"Shemeji, mteja akikuuliza gauni litakuwa tayari lini, nawe umeshalikata, limebaki pindo, unamjibuje?"

"Aje kesho."

"Na kama kitambaa chenyewe hujakiona?"

"Ah, hapo namwambia tutaangalia, Mungu akipenda."

"Basi daktari amesema hilo la pili. Kitambaa atakiona akishafungua."

Chupa ya chai ilitua mezani kwa kishindo. Mdogo mtu akatoka bila kuaga. Fundi akageukia dirisha, na hata chakula cha mchana kilipoletwa hakukigusa. Mama Mizani alikaa pale pale kwenye kiti, mikono mapajani, akijiuliza kama amemwokoa mtu au amemlemaza.

Sahani zilipoondolewa, fundi aliongea na kioo cha dirisha. "Waongo wote ninaowajua kwenye ushonaji huanza na 'njoo kesho'. Nami nimo. Huyu hajaniambia kesho." Akageuka. "Mwambie afungue."

Alifunguliwa, akafungwa, akarudishwa wodini na bandeji hadi gotini. Daktari alipopita, neno lilikuwa lile lile, "hope". Mdogo mtu alikaa kando ya kitanda, akiutazama ukuta. Mama Mizani akajibana naye kwenye benchi.

"Umeninunia."

"Sijanuna. Nimenyamaza."

"Kuna tofauti?"

Mdogo mtu alikaza midomo kuzuia kicheko, na kicheko kikapitia puani.

"Haya, nakupa kazi," Mama Mizani alisema. "Mimi nimepelekwa wodi ya wazazi, sitakuwapo kila daktari anapopita. Utakuwapo wewe. Maneno mawili tu. 'Hope'. Sema."

"Hopu."

"'Expect'."

"Ekispekti. Hili lina mifupa."

"Lina, ndiyo maana haliharakishwi. Mengine yote atakayosema yaache yapite, wewe litegee hilo. Akirudia lile la kwanza, usilie. Maana yake bado anafagia njia, mgeni hajamwona. Siku akilibadilisha, njoo uniite popote nilipo, hata kama niko bafuni."

Mdogo mtu aliinuka, akalivuta benchi mpaka upande ule anaposimama daktari.