Usitie dole kabla Shamshad hajakusomea

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Februari haujaondoka kwenye uwanja wa mahakama ya Samundri, na tayari watu watano wamepanga foleni mbele ya meza ya Shamshad Akhtar. Amejitanda shali la sufu na anapulizia vidole vyake kabla ya kugusa taipureta.

"Mwenye nyumba kanipa siku tatu nihame," anaanza muuza mboga.

"Ana amri ya mahakama?"

"Ana mdomo tu, dada."

"Basi mdomo haukuhamishi. Lipa kodi yako, dai risiti. Anayefuata!"

Shamshad, mwenye miaka 47, ndiye mwanamke pekee kati ya waandishi wa hati ishirini na wawili wanaoketi uwanjani hapo. Si wakili, na huwaambia watu hivyo kabla hawajakaa. Kwa barua hutoza rupia mia mbili. Swali halina bei. Mawakili wanapogoma mahakama husimama, naye hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kazi hii hakuichagua. Miaka kumi na tisa iliyopita mumewe, Bashir, alikatwa vidole vitatu na mtambo wa kufuma vitambaa. Mwajiri alimpelekea gunia la unga hospitalini, pamoja na karatasi ya kutia dole gumba badala ya sahihi. Bashir hakujua kusoma, alitia.

"Alikuja na nakala yake nyumbani kaikunja mfukoni, anafurahia unga," anakumbuka Shamshad, aliyeishia darasa la nane. "Nikaisoma. Imeandikwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake na hadai kitu. Nilikaa chini nikalia, yeye akadhani nalilia vidole."

Mwajiri aliwapiga chenga kwa ahadi kwa miezi kumi na minne. Walipofika mahakamani, muda wa kudai fidia, ambao ni mwaka mmoja, ulikuwa umekwisha. Mwandishi mzee aliyewapa habari hiyo alimwona Shamshad akisoma hati zake kichinichini, akamwambia kama anajua kusoma hivyo, aje anakili barua. Alikwenda kesho yake.

Tangu hapo ana sharti moja: hati haitiwi dole mpaka mwenye dole asomewe peke yake.

Sharti hilo lilimponza Novemba iliyopita. Mkulima aitwaye Allah Ditta alimleta dada yake, Sughran, mjane wa miaka 58. Baba yao alikuwa amefariki na kuwaachia wao wawili ekari sita.

"Andika tu, dada," alisema Allah Ditta. "Huyu ananisamehe fungu lake. Ndiyo desturi yetu."

"Nitaandika, kaka. Nenda pale dirisha la mahakama ukanunue karatasi ya stempu."

Foleni ya dirisha hilo haiendi upesi, na Shamshad alilijua hilo. Kaka alipotoka, alimgeukia Sughran.

"Mama, unajua una ekari mbili?"

"Mbili?" Sughran alishtuka. "Aliniambia mwanamke hupata kitalu kidogo tu, cha kuoteshea vitunguu."

"Yeye mafungu mawili, wewe fungu moja. Ndivyo sheria isemavyo."

Sughran akauliza swali ambalo Shamshad anasema ndilo gumu kuliko yote anayoulizwa. "Nikizichukua, ndugu yangu akanifungia mlango, sheria itaniletea nguo siku ya Idi kama aletavyo yeye?"

"Hapana, mama. Mimi nakueleza kilicho chako. Kukiacha au kukishika ni juu yako."

Allah Ditta aliporudi, dada yake alikuwa ameficha mikono ndani ya shali. "Leo sitii," alisema. "Niache nikafikiri."

"Umemtia maneno!" Allah Ditta alimfokea Shamshad mbele ya uwanja mzima. "Mumeo hana vidole, nawe huna haya!"

Baadhi ya waandishi walicheka. Shamshad alimrudishia karatasi yake ya stempu. "Itunze, kaka. Haiozi."

Kwa wiki tisa, anakiri, hakulala vizuri. Alihofu amemvunjia mjane undugu wake wa pekee.

Januari wakaja wote wawili. Sughran alikuwa amekaa kwa binti yake wiki sita bila kusemeshwa na kaka, hadi shangazi yao mzee alipowakalisha pamoja. Ekari mbili ziliandikwa kwa jina lake. Kaka anazilima, ngano wanagawana nusu kwa nusu. Bado hawacheki pamoja, lakini wanakula pamoja.

Kazi ilipokwisha, Allah Ditta hakuondoka. Alikohoa. "Dada, binti yangu karudishwa na mumewe. Vyombo vya harusi kavizuia. Hivyo ni vya nani?"

"Vya binti yako," alisema Shamshad, akachomeka karatasi mpya kwenye taipureta. "Kaa."

Sasa anajiandaa kwa jambo jingine. Wengi wanaofika mezani kwake, anasema, wameshatia dole. Hubaki kuwaeleza walichopoteza. Hivyo ameomba darasa katika shule ya wasichana ya kijiji cha kina Sughran, kila Jumapili kuanzia Mei, ngano ikishavunwa. Mwalimu mkuu amekubali. Bashir atampeleka kwa pikipiki.

"Waje na hati zao kabla ya kuzitia dole; wanaoweza wasome, wasioweza wasomewe," anasema. "Nimechoka kusoma maiti. Nataka hata hati moja niikute ingali hai."